KUMRUDISHIA SIMBILISI HAMU YA KULA BAADA YA KUUMIA KINYWA

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya mifugo midogo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tangu asubuhi tumewasikia wenzetu wakinena juu ya kahawa, pareto na mahindi, juu ya maghala na malori, na hesabu zao zote zilikuwa za tani na magunia. Sisi tumepewa nafasi hii fupi tunene juu ya mnyama ambaye, hata akinona, uzito wake haupiti sana kilo moja. Tunawaomba radhi wale watakaoona kuwa jambo hili ni dogo kwa siku kubwa kama hii. Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi twataka kuonyesha ya kuwa mwiba mdogo ulioingia katika kinywa cha mnyama mdogo waweza kuifilisi nyumba nzima ya mwanachama wetu.

Simbilisi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes katika Marekani ya Kusini, nchi za Peru, Bolivia na Ekwado, ambako watu walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia mguu huko. Leo wakulima wa Kivu katika Kongo wanamfuga kwa wingi, na hapa kwetu anajulikana sana Iringa, Njombe na Mbeya. Wote twajua kwa nini anapendwa. Hahitaji shamba la malisho. Mganda wa majani unamtosha. Jike huchukua mimba kwa muda wa siku 68 hivi, na mara nyingi huzaa watoto wawili, watatu au wanne, nao huzaliwa wakiwa na manyoya yao, macho yao yamefunguka, na kabla ya siku kwisha wameanza kumegamega majani. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi simbilisi ni mali ya mama na watoto. Nyama yake huliwa siku ambayo hakuna fedha ya bucha, bei yake hununua madaftari ya shule, na samadi yake huenda bustanini. Basi akifa jike mmoja mwenye mimba, kinachopotea si mnyama mmoja, bali kizazi kizima.

Na wengi wa wanyama hao hufa kifo ambacho kingeweza kuzuiwa. Mnyama ameumia kinywa, ameacha kula, mwenyewe amesema, "Kidonda kitapona, naye atakula." Siku ya tatu au ya nne amemkuta amelala ubavu, amekufa, na kidonda chenyewe kilikuwa kidogo mno. Huyo hakuuawa na kidonda. Aliuawa na njaa. Hapana budi jambo hili lifahamike vema kabla hatujaingia katika namna ya kumtunza, kwa kuwa atakayelifahamu hatakawia tena.

Tumbo la simbilisi halikuumbwa kama la mbwa, awezaye kula leo na kushinda kesho bila kitu. Chakula chake ni majani, na majani hayo huchachushwa katika utumbo mpana na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao ndio wapishi wake. Utumbo huo husukumwa na chakula kipya kinachoingia kila saa, mchana na usiku. Chakula kikikatika, utumbo husimama. Ukisimama, hewa hujaa tumboni na kumtia maumivu. Maumivu humfanya akatae kula zaidi. Na hivyo ndivyo gurudumu linavyozunguka hadi mauti. Tena mnyama aliyenona, na hasa jike mwenye mimba, akikosa chakula mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake kwa haraka, nayo huliziba ini na kuutia mwili sumu. Kwa sababu hiyo twasema: simbilisi aliyepitisha saa kumi na mbili bila kula ni mgonjwa, na aliyepitisha siku moja yumo katika hatari.

Sasa tutazame kinywa chenyewe. Simbilisi ana meno 20: manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na magego 16 yaliyo ndani. Meno yote, ya mbele na ya nyuma, hukua maisha yake yote, wala hayasimami kama ya mwanadamu. Huwa na kimo chake kwa sababu yanasagana yenyewe kwa yenyewe, na kwa sababu nyasi zina chembe ngumu ziyasagazo kama tupa. Kwa hiyo mnyama asiyetafuna kwa majuma kadhaa hupata dhara la pili: magego ya chini hurefuka na kuinamia ulimi, hata pengine huufunika kama daraja, na hapo asingeweza kumeza hata angalitamani.

Dalili za kinywa kilichoumia ni hizi. Kidevu na manyoya ya shingo huwa yameloa mate. Mnyama hukimbilia chakula pamoja na wenzake, hukinusa, hukishika, kisha hukiangusha. Huacha majani magumu na kuchagua laini. Mavi yake hupungua, huwa madogo na makavu. Manyoya husimama, naye hujikunyata pembeni. Tafadhali angalieni jambo moja: mnyama akimbiliaye chakula na kukiangusha bado ana hamu, ila anazuiwa na maumivu, yule asiyeinuka kabisa amekwisha kuipoteza hamu yenyewe. Wa kwanza ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa pili. Heri basi kumwona angali wa kwanza.

Visababishi tunavyokutana navyo sana ni ncha za waya wa kizimba, madume wanaopigana, miiba na mabua makavu yaliyomo ndani ya majani, na mnyama kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto hata meno ya mbele yakavunjika. Katika kumchunguza, mtu mmoja na amshike wima mapajani, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Mwingine na afunue midomo kwa upole, atazame meno ya mbele, ufizi na ncha ya ulimi. Kama mwiba unaonekana na unatoka kwa urahisi, uondolewe. Kama damu inatoka, ikandamizwe kwa kitambaa safi mpaka ikome. Lakini msikishindilie kinywa kijiti ili kuyaona magego. Kinywa chake ni chembamba, na nyama za mashavu huziba njia. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye chombo chake.

Kidonda kioshwe mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa. Chovya kitambaa safi, kamua, kisha panguza. Spiriti, dawa kali za vidonda, majivu na maji ya limau visitumiwe. Vyote huwasha, na mnyama atakayewashwa leo hatakufungulia kinywa kesho.

Baada ya hayo yatupasa kujiuliza: ni kitu gani hasa asichoweza? Swali hili ndilo ufunguo wa kazi yote. Meno ya mbele kazi yake ni kukata. Magego kazi yake ni kusaga. Ikiwa meno ya mbele ndiyo yaliyovunjika, magego yakiwa mazima, mnyama bado aweza kula mwenyewe, mradi wewe umkatie. Chukua majani ya viazi vitamu, sukuma wiki au nyasi changa, uyakate nyuzi nyembamba, karoti uikune, kisha umwekee kando ya kinywa, nyuma ya meno ya mbele, naye atayavuta ndani na kuyasaga. Meno yaliyovunjika bila kuharibika mzizi kwa kawaida huota tena katika majuma mawili au matatu. Katika muda huo tazama jino linaloelekeana nalo, maana likikosa mwenzake wa kusagana naye hurefuka kupita kiasi. Wala lisikatwe kwa koleo la fundi, kwa kuwa jino hupasuka hadi mzizini. Mwiteni daktari.

Lakini ikiwa kidonda kiko ulimini, shavuni au penye magego, hawezi kusaga hata ukimkatia nyuzi. Huyo hana budi kulishwa uji wa majani kwa mkono. Twanena uji wa majani, si uji wa unga. Akina mama wengi, kwa huruma yao, humpa uji wa mahindi wenye sukari au maziwa, kama wampavyo mtoto mgonjwa. Wema huo humdhuru. Wanga na sukari huchachuka vibaya katika utumbo wake na kuwapa nguvu viumbe wabaya juu ya wema. Twaa nyasi kavu nzuri zisizo na ukungu, uzitwange katika kinu, uzichekeche kwa chekeche laini mpaka upate vumbi la kijani. Changanya na maji ya uvuguvugu na majani mabichi yaliyopondwa sana, hata uwe mzito kama uji wa kunywa. Chakula cha sungura cha vidonge kilichoroweshwa chafaa pia, mradi hakikutiwa dawa.

Kiasi chake ni mililita 50 hadi 80 kwa kutwa kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Tuchukue mfano wa jike wa gramu 800. Huyo ahitaji mililita 40 hadi 64. Tukimpa 48 zitagawanyika katika milo sita ya mililita 8, yaani kila mlo ni kijiko kimoja cha chai na nusu hivi. Mlo wa kwanza uwe alfajiri na wa mwisho uwe kabla ya kulala, ili usiku usiwe mrefu mno. Maji safi ya uvuguvugu apewe pia kidogo kidogo baada ya mlo.

Namna ya kumlisha ina hatari yake, kwa hiyo twaomba isikilizwe kwa makini. Tumia bomba dogo la sindano lisilo na sindano, ncha yake ikiwa imekatwa na kulainishwa ikiwa uji unakwama. Mvingirishe mnyama katika kitambaa, akae wima kama akaavyo mwenyewe. Kamwe usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba kwa upande, katika ile nafasi tupu iliyo kati ya meno ya mbele na magego, upande usio na kidonda. Sukuma nusu mililita, usimame, umwache atafune na kumeza, ndipo usukume tena. Asiyemeza asisukumiwe. Mwenye kuharakisha huupeleka uji katika mapafu, na mnyama aliyekuwa akipona hufa kwa kichomi. Haraka haraka haina baraka, na hapa mithali hiyo ni ya kweli neno kwa neno.

Jambo jingine ni vitamini C. Simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Mwaka 1907 mabingwa wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walitangaza kwamba simbilisi waliolishwa nafaka peke yake walipata kiseyeye, ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Na kutoka kwa mnyama huyu mdogo ulimwengu ulijifunza mengi juu ya ugonjwa huo. Mwenye kiseyeye hutoka damu katika ufizi, viungo vyake huvimba, na kidonda chake hakifungi. Mnyama mzima ahitaji miligramu 10 hivi kwa kila kilo kwa siku. Mgonjwa au mwenye mimba ahitaji kama 30. Jike wetu wa gramu 800 basi ahitaji miligramu 24. Robo ya kidonge cha miligramu 100 kilichosagwa katika uji yatosha. Na asiye na kidonge ana mpera: kipande cha pera bivu cha gramu 15, kilichoondolewa kokwa na kupondwa, chatosha. Msiitie vitamini hiyo katika maji ya kunywa. Hupotea upesi, na mwenye kidonda kinywani hanywi vya kutosha.

Sasa twafika penye neno ambalo tungependa lichapwe kwa herufi kubwa katika kila duka la pembejeo la vyama vyetu. Dawa ya penisilini, ambayo mkulima huinunua kwa ajili ya ng'ombe wake, ni sumu kwa simbilisi. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1943. Dawa hiyo huwaua wale viumbe wema wa utumboni, wabaya huzaana mahali pao na kutoa sumu, na mnyama huharisha na kufa katika siku chache. Ampisilini na amoksilini ni vivyo hivyo, na streptomaisini, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na penisilini katika chupa moja, nayo ina hatari yake. Mfugaji aliyemchoma simbilisi wake sindano ya ng'ombe ili kidonda cha mdomoni kisioze, amemtibu kidonda na kumwua mgonjwa. Zipo dawa nyingine zinazomfaa, na zipo za kutuliza maumivu ambazo hurudisha hamu kuliko kubembeleza kwingi. Lakini jina na kipimo chake atatoa daktari wa mifugo, si muuza duka.

Hamu yenyewe hurudije? Hurudi kwa kualikwa. Mgonjwa asitengwe chumba cha peke yake, kwa maana simbilisi ni mnyama wa jamaa. Mweke mahali anapowaona na kuwanusa wenzake, nyuma ya wavu, au umpe jike mmoja mpole akae naye. Mara nyingi amwonapo mwenziwe akila, naye hujaribu. Mweke penye joto la kadiri, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo nyanda zetu za juu zina baridi kali, lakini si jikoni penye moshi. Mwekee vitu laini vya namna mbalimbali, kidogo kidogo na vibichi: papai, tango, majani ya viazi vitamu, nyasi changa zilizokatwa sasa hivi. Kilichonyauka kiondolewe. Majani ya viazi mviringo, majani ya nyanya, vitunguu na parachichi asipewe. Nyasi zirudi mapema kadiri kidonda kinavyoruhusu, tangu siku ya tatu au ya nne, kwa ajili ya yale magego tuliyosema.

Mizani ndiyo itakayowaambia ukweli, kuliko macho. Mpime kila siku saa ileile na kuandika. Jike wa gramu 800 akifika 720 amepoteza sehemu moja ya kumi, na hapo msingoje tena, mpelekeni kwa daktari. Uzito ukisimama siku mbili bila kushuka, na mavi yakirudi ukubwa wake, punguzeni uji nusu. Akianza kuongezeka kwa kula mwenyewe, acheni. Mtaijua siku hiyo bila kuambiwa, kwa kuwa atakaposikia majani yakikatwa atapiga mluzi kama wenzake.

Wako ambao hawatapona: taya iliyovunjika kabisa, au ulimi uliokatika. Kumwacha huyo afe kwa njaa si huruma. Achinjwe upesi na mtu ajuaye. Na kama alipewa dawa, nyama yake isiliwe mpaka zipite siku alizotaja daktari.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa maombi matatu kwa wajumbe. La kwanza, kila chama cha msingi kiwe na mizani moja ndogo ya jikoni na mabomba machache ya kulishia, yaazimwe kwa wanachama. Gharama yake ni ndogo ikigawanywa kwa wote. La pili, maduka yetu yasiuze penisilini kwa mfugaji wa simbilisi bila kumwonya. La tatu, kila mfugaji apitishe mkono katika vizimba vyake kabla ya juma hili kwisha, akunje ncha za waya, atenge madume wagombanao, achambue miiba katika majani, na awafundishe watoto kumshika mnyama wakiwa wameketi chini.

Miaka kumi iliyopita chama hiki kilianza kwa watu walioamini kwamba kidogo cha mmoja, kikiunganishwa na kidogo cha mwingine, huwa kingi. Imani hiyo haikuwa juu ya kahawa tu. Mama mwenye simbilisi sita ni mwanachama sawa na mwenye ekari sita, na mali yake yastahili elimu ileile na ulinzi uleule.